Tope Kwanza, Ndege Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Ndege Wahamaji Kandokando ya Maji ya Lubumbashi na Lufira

Ndege ninaowazungumzia hapa hawamsimamishi mpita njia. Ni wadogo, wa kijivu au kahawia, wanatembea harakaharaka penye tope na maji ya kina kifupi, na mtu asiyewajua huwapita akidhani ni watoto wa ndege wengine. Lakini wametaga mayai na kulea makinda yao Skandinavia, kaskazini ya Urusi na Siberia. Kuanzia mwezi wa nane wanashuka Afrika, na wengi wao hukaa kwenye maji ya Katanga mpaka mwezi wa tatu au wa nne.

Wapiga picha wengi huanza na lenzi. Wanauliza ni milimita ngapi, bei gani, ipatikane wapi. Mimi nasema anza na tope. Ndege hawa hawaji kwetu kutafuta joto tu, wanakuja kula: mabuu ya wadudu, minyoo, konokono wadogo, samaki wachanga. Ukijua tope lipi lina chakula, utajua ndege atasimama wapi kabla hajafika, nawe utakuwa umeshalala chini unamngoja. Na ukijua tope lipi limekufa, utakuwa na jambo la maana zaidi la kupiga picha kuliko ndege mwenyewe.

Kalenda

Kwetu mvua hukatika mwezi wa nne au wa tano, kisha ukame unashika mpaka mwezi wa kumi. Maji yanapungua, kingo za maziwa zinarudi nyuma, na tope lililokuwa chini ya maji linatokeza. Hilo linafikia kilele mwezi wa tisa na wa kumi, wakati uleule wageni wanapowasili wamechoka na wana njaa. Kwa hiyo msimu mkuu ni kuanzia katikati ya mwezi wa tisa mpaka mvua kubwa za kwanza. Wakubwa hutangulia, watoto waliozaliwa mwaka huo hufuata nyuma, na utawatambua kwa manyoya mapya yenye ukingo mweupe safi, yasiyochakaa.

Mvua zikishakolea, maji hufunika tope na ndege hutawanyika kwenye nyasi zilizofurika, madimbwi ya barabarani na mashamba yenye maji. Wapo, ila ni kazi kuwapata. Mwezi wa tatu na wa nne ni msimu wa pili: wanajenga mafuta ya safari ya kurudi, na baadhi wameshaanza kuvaa rangi za harusi, yaani manyoya ya msimu wa kuzaa.

Tahadhari moja ya mwezi wa tisa: moshi wa mioto ya pori. Unafanya jua liwe jekundu na hafifu, na picha zinapoteza makali hata kama kamera yako ni ya maana. Baada ya manyunyu ya kwanza hewa inasafishika, na siku mbili tatu zinazofuata ni dhahabu.

Mahali

Ndani ya mji, anza na ndege mdogo ambaye jina lake la kisayansi ni Actitis hypoleucos. Huyu hana makuu: anakaa penye mawe kando ya mto, kwenye mifereji, kwenye mabwawa ya samaki, peke yake, akitikisa mkia juu chini bila kupumzika. Kwa mazoezi hakuna mwalimu bora. Kipopo, nje ya mji, kwenye ziwa na mabwawa ya samaki, ni pazuri kwa asubuhi moja. Omba ruhusa kwa wanaoyasimamia, na uliza bwawa lipi limekaushwa wiki hiyo. Bwawa lililotolewa maji karibuni ni meza iliyoandaliwa.

Ukitaka makundi, panda gari la Likasi. Ziwa Tshangalele liko mashariki ya Likasi, na wengi hulifikia kwa kupitia Kapolowe. Ni ziwa la bwawa: mto Lufira ulizuiwa Mwadingusha, na kituo cha umeme kikaanza kazi mwaka 1930. Kina chake ni cha mita chache tu, kwa hiyo maji yakishuka kidogo, tope linalotokeza ni kubwa sana. Bonde la Lufira ni hifadhi ya viumbe hai inayotambuliwa na UNESCO tangu 1982, na mwaka 2017 liliingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Congo ilijiunga na mkataba huo mwaka 1996.

Ziwa hilohilo linapokea maji kutoka upande wa viwanda vya Likasi, na watafiti wamepima humo shaba na kobalti nyingi kwenye tope. Hapa Lubumbashi, mto Naviundu na mfereji wa Tshamilemba wana habari hiyohiyo. Nitarudi hapo.

Karatasi na watu kabla ya kamera

Lenzi ndefu inatia watu wasiwasi, na wana sababu. Usielekeze kamera kwenye bwawa la umeme, daraja, uzio wa mgodi, uwanja wa ndege, wala mtu mwenye sare, hata kama ndege wa maisha yako ametua juu yake. Beba kitambulisho na barua inayoeleza unachofanya, yenye muhuri wa shule, chuo, chama au yeyote anayekutambua. Ukifika kijijini, nenda kwanza kwa chefu. Kisha shuka ufukweni, salimu wavuvi: “Jambo, baba. Kazi inaenda?” Ngoja jibu, uliza habari za samaki, ndipo uonyeshe picha za ndege kwenye simu na kuuliza anawaona wapi. Mama anayeanika samaki hapo ufukweni kila siku anajua saa ya kundi kutua kuliko kitabu chochote.

Waulize pia habari za mamba na viboko, na sehemu ambazo tope linameza mguu. Vaa mabuti ya mpira: kichocho kipo kwenye maji yetu, na mguu mtupu ndio mlango wake.

Vifaa

Milimita 400 zinatosha. Kwenye kamera yenye kihisio kidogo, ndege wa sentimita 13 aliye mita 10 atachukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya upana wa picha, na hapo unaweza kukata kidogo bila kuharibu. Una 300 tu? Basi utahitaji subira zaidi. Una simu tu? Tafuta darubini, ibandike simu kwenye jicho lake moja, egemeza vyote juu ya mfuko. Picha haitakwenda ukutani, lakini itatosha kuthibitisha ndege.

Tripodi iache nyumbani. Picha nzuri ya ndege wa matopeni hupigwa lenzi ikiwa kwenye usawa wa jicho lake, yaani kama kiganja kutoka ardhini. Chukua kikaango cha zamani, weka ndani mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga au maharagwe, laza lenzi juu yake, na ukisukume mbele juu ya tope. Turubai la plastiki la kulalia chini, nguo za rangi ya majani makavu, kitambaa cha kufutia. Mfuko wa nailoni wa kufunika kamera unaposafiri na manseba (pikipiki ya abiria), kwa sababu vumbi la barabara zetu linaua kamera kuliko maji.

Na ongeza vitu hivi vinne ambavyo wapiga picha wa ndege hawabebi: kopo la nyanya lililokatwa pande zote mbili, chujio la chai, sahani nyeupe, daftari.

Kusoma tope

Tembea ukingoni mchana wa siku iliyotangulia, ndege wakiwa mbali. Tafuta nyayo ndogo za vidole vitatu na vitobo vya midomo. Palipotobolewa sana ndipo penye chakula. Angalia tope lenyewe: linalong'aa na kulainika, lenye ngozi nyembamba ya maji juu, ndilo lenye uhai. Lililopasuka limeshaachwa. Kila siku maji yanaposhuka, mstari huo wa tope laini unahama pamoja nayo, na ndege wanaufuata.

Sasa chukua kopo. Likandamize kwenye tope kwa kina cha sentimita 5, usizidishe, maana ndege wengi wadogo hawafiki chini ya hapo kwa mdomo. Toa tope lililomo, lioshe polepole kwenye chujio kwa maji ya hapohapo, kisha geuza chujio juu ya sahani nyeupe na maji kidogo. Subiri dakika moja. Vitu vitaanza kujipinda.

Mabuu mekundu ni ya wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu wao unatokana na hemoglobini, inayowasaidia kuishi penye hewa kidogo. Hicho ni chakula kikuu cha ndege wengi hawa. Minyoo myembamba myekundu inayojikusanya pamoja ni ya kundi jingine. Utaona konokono wadogo, na penye maji safi yanayotembea utaona wadudu wenye mikia mitatu nyuma, wakikimbia sahanini kwa miguu sita. Hao wenye mikia mitatu ni mashahidi wako wakuu. Hawavumilii metali. Mahali walipokuwapo wakatoweka, huku mabuu mekundu na minyoo tu ikibaki, maji yamebadilika, ingawa kwa macho yanaonekana yaleyale. Na ukikuta sahani tupu kabisa, ukingo una madoa ya kijani-buluu au ukoko mweupe, usioshe tena mikono humo.

Piga picha sahani kutoka juu, kivulini, kopo likiwa pembeni kuonyesha ukubwa. Hesabu, andika tarehe na mahali, rudisha wanyama majini. Rudia makopo matano katika sehemu zilezile kila mwezi. Kopo moja halithibitishi kitu. Makopo ya msimu mzima yanaanza kuzungumza.

Kumkaribia

Fika gizani. Mwezi wa kumi jua la Lubumbashi linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na unatakiwa uwe umelala chini nusu saa kabla, mahali ambapo jua litachomoza nyuma ya mgongo wako. Usimfuate ndege. Tazama anakoelekea akiwa anakula, zunguka mbali kwa nyuma, lala mbele yake kwenye mstari wa tope laini, acha aje. Atakuja, kwa sababu chakula kiko hapo. Ndiyo maana ulisoma tope jana.

Akisimama wima, akanyoosha shingo, akaacha kula, umeshamsogelea mno. Usipumue hata. Akianza kutikisa kichwa au kutembea akikupa mgongo, rudi nyuma kwa kutambaa. Kumrusha ndege mmoja mara moja si msiba, lakini kundi linalorushwa kutwa nzima linapoteza saa za kula. Mwezi wa tatu hilo ni zito zaidi: baadhi yao lazima waongeze nusu ya uzito wao na zaidi kabla ya kuondoka.

Mtumbwi unafanya maajabu. Ndege wamezoea wavuvi, na mtumbwi unaosukumwa polepole kwa upondo unaruhusiwa kusogea kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Patana bei na mwenye mtumbwi kabla ya kupanda, mlipe siku yake ya uvuvi kwa haki, na kaa chini kabisa.

Kufikia saa tatu asubuhi, acha. Hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye tope hutetemesha picha, na hakuna lenzi inayoponya hilo. Jua la saa sita mwezi wa kumi linasimama karibu utosini. Nenda kale bukari, rudi saa kumi jioni.

Kamera yenyewe

Hapa nitakwenda haraka, maana vitabu vimejaa. Ndege anayekula: kasi ya shata 1/1000 au zaidi, kwa sababu kichwa hakitulii. Anayeruka: 1/2500. Kwenye mtumbwi usishuke chini ya 1/1600. Tundu la lenzi lifungue karibu lote, f/5.6 au f/6.3, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe mpaka 3200. Fokasi ya kufuatilia, nukta moja au ya jicho, na upigaji wa mfululizo.

Kinachowashinda wengi ni mwanga. Ndege mwenye tumbo jeupe juu ya tope jeusi huidanganya kamera. Inaongeza mwanga na weupe wa tumbo unaungua. Punguza theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Akiwa mbele ya maji yanayong'aa, kinyume chake: ongeza stopu moja. Tazama histogramu (mchoro wa mwanga ambao kamera inaonyesha), si picha kwenye kioo, na piga kwa RAW, yaani faili ghafi.

Kuwatambua

Actitis hypoleucos tumeshamwona: pia ana weupe unaopanda mbele ya bega, na huruka chinichini juu ya maji kwa mabawa yaliyokakamaa. Tringa glareola ana mgongo wenye madoadoa, mstari mweupe juu ya jicho, miguu ya njano-njano, anapenda nyasi zilizofurika. Tringa nebularia ni mkubwa zaidi, mdomo umepinda juu kidogo, anakimbiza samaki wachanga kwa mbio, na akiruka hulia sauti tatu mfululizo zinazosikika mbali. Calidris pugnax ana kichwa kidogo juu ya mwili mnene. Dume ni mkubwa kuliko jike kiasi kwamba utadhani ni aina mbili. Calidris minuta ndiye mdogo wa wote, miguu myeusi, anadonoa kama cherehani. Charadrius hiaticula ana ukanda mmoja mweusi kifuani: hukimbia, husimama ghafla, hudonoa.

Usimchanganye huyo wa mwisho na mwenyeji wetu mwenye mikanda miwili myeusi na duara jekundu kuzunguka jicho. Huyo anaishi hapahapa mwaka mzima.

Picha tatu badala ya moja

Picha ya ndege peke yake hupendwa na kusahaulika. Ninayoipendekeza ni seti: ndege akiwa na chakula mdomoni, sahani nyeupe ya kopo lako kutoka tope hilohilo, na mahali penyewe kwa lenzi pana, pamoja na watu wanaopatumia. Kwa picha ya kwanza, usibonyeze ndege anapochoma mdomo topeni. Bonyeza anapoutoa, ushikilie kwa mfululizo, kwani chakula huonekana kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla hakijamezwa.

Seti hiyo ichapishe kwa karatasi, si kwenye simu tu, na uirudishe ufukweni. Mazungumzo ya chakula cha ndege ni mazungumzo ya chakula cha samaki, na mvuvi anaelewa hilo haraka kuliko ofisi. Chandarua cha mbu kinachokokotwa ukingoni huzoa samaki wachanga na wadudu pamoja. Buba, ule mmea unaopondwa na kumwagwa majini, haulewishi samaki peke yao. Unaua na mabuu. Bustani za lengalenga (mchicha) zinazofuata maji yanaporudi nyuma hazina ubaya kwa zenyewe, bali dawa ya wadudu inayopuliziwa hatua mbili kutoka kwenye tope hushuka moja kwa moja humo. Na mlima uliokatwa miti kwa ajili ya makala, yaani mkaa, hushusha udongo mvua ya kwanza tu, ukafunika mabuu yote kwa tabaka jipya.

Usimhubirie mtu anayelisha watoto kwa ziwa hilo. Muulize: ukingo upi tungeuacha bila kukokota nyavu mwezi wa tisa na wa kumi? Hata mita mia mbili penye tope bora, zikikubaliwa na wavuvi pamoja na chefu, ni kitu unachoweza kukipima kwa kopo lako mwaka unaofuata. Wakulima waombe waache ukanda wa nyasi kati ya bustani na maji, na wapulizie dawa siku isiyo na upepo.

Metali ni kesi nyingine. Hiyo haitatuliwi ufukweni, na wala usiende kupiga picha bomba la mtu. Kazi yako ni kumbukumbu: sahani zilezile, sehemu zilezile, tarehe, idadi, madoa kwenye mawe. Peleka nakala kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wenye maabara ya kupima, na kwa wakala wa serikali wa mazingira. Usimtaje mwenye kosa kwa kukisia. Acha vipimo vimtaje.

Kutuma

Kila asubuhi ikiisha, ingiza orodha yako eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, pamoja na picha, hata kama umeona aina tatu tu, na uandike ulikaa muda gani. Ndege usiyemjua mpeleke iNaturalist, tovuti ambako wengine husaidia kumtambua. Mwezi wa kwanza kila mwaka hufanyika hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini inayosimamiwa na shirika la Wetlands International. Jipange na wenzako mhesabu sehemu moja mnayoijua, yote, kwa asubuhi moja, badala ya kuzunguka ziwa zima nusunusu.

Kwenye maelezo ya picha andika jina la kisayansi, tarehe, mahali, alichokuwa anakula, na kina cha maji kwa kulinganisha na mguu wake: vidoleni, gotini, au tumboni. Hilo la kina huchukua sekunde mbili kuandika, na ndilo litakalokuonyesha mwezi wa tisa ujao ulale upande upi wa ziwa.